Mwenyewe Yupo?

Mama Stoo hakuzaliwa na shaka, aliajiriwa nayo. Kwa miaka mingi alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na stoo ni mahali ambapo mtu akikuchekea sana unajiuliza amekuja kuchukua nini. Mashuka, glavu, sabuni, balbu, vyote vilipita mikononi mwake na hakuna kilichotoka bila sahihi. Mazoea yana taabu, yalimfuata mpaka nyumbani. Majirani walisema, na hawakuwa waongo sana, kwamba hata chumvi ukienda kumwomba alikupimia kwa kijiko huku akikutazama usoni.

Lakini zamani, kabla mtaa haujabadilika, shaka yake aliiacha kazini. Mtaani alikuwa mtu wa watu. Mtaa wenyewe ulikuwa mwembamba, nyumba zimetazamana uso kwa uso, na mbele ya kila nyumba palikuwa na kibaraza cha saruji cha kukaa watu wawili watatu na vikombe vyao. Jioni ungewakuta wote nje. Mshonaji, aliyekaa nyumba ya ng'ambo, alitoa cherehani yake kibarazani. Mama Stoo alikaa kwenye kibaraza chake akichambua mboga, wakapiga soga toka huku hadi kule bila kuinua sauti. Walikuwa mashoga tangu walipoolewa mtaa ule, mmoja baada ya mwingine. Mume wa Mama Stoo alipofariki, Mshonaji alihamia kwake na godoro lake, akakaa mpaka Mama Stoo mwenyewe alipomwambia, sasa nenda, mwanamke wee, utanimalizia sukari.

Kisha barabara ikapanuliwa. Waliokuja na kamba na vigingi hawakuwa watu wabaya. Walisema magari yanahitaji njia, na ni kweli yanahitaji. Vibaraza vyote vikakatwa kama kucha. Lami ikamwagwa, magari yakaanza kupita mbio kiasi kwamba kuvuka kwenda kwa jirani ilibidi kwanza uage wanao. Kwa kelele na vumbi watu wakaanza kujenga kuta. Wa kwanza alikuwa Keshia, mzee aliyestaafu kazi ya benki, ambaye juu ya ukuta wake alipanda vipande vya chupa. Ukuta mmoja ukiinuka, wa pili unaona haya kubaki chini. Haukupita muda mtaa mzima ukawa kuta na mageti.

Basi watu wakaanza kuonana kwa vipande: kisogo kikiingia getini, mkono ukitoa takataka, taa za gari zikizimika. Na mtu ukimwona kwa vipande, sehemu iliyobaki unajijazia mwenyewe. Mama Stoo hakuwa mtu wa kujazia mema. Mshonaji alirudisha cherehani ndani. Wakawa wanapigiana simu, mara kwa mara mwanzoni, halafu mara moja moja, halafu kukiwa na shida.

Upenyo pekee uliobaki ulikuwa kichochoro kilichopita ubavuni mwa nyumba ya Mama Stoo kwenda mtaa wa nyuma. Huko watu wa barabara hawakufika. Njia ilikuwa bado nyembamba, milango bado imetazamana, na vibaraza bado vipo na watu juu yake. Zamani wakazi wa huko walijulikana mmoja mmoja, kwa kazi na kwa watoto wao. Siku hizi waliitwa tu "watu wa nyuma", kwa sauti ile ile unayotumia kusema "watu wabaya".

Ndani ya nyumba Mama Stoo alikaa na mama yake mzazi, Bibi. Miguu ya Bibi haikuwa ya kuaminika tena. Alipokuja kuishi pale alishinda kibarazani akiwatazama wapitao. Kibaraza kilipokatwa na ukuta ukapanda, chumba cha mbele kikawa giza, akabaki kutazama matofali. Mama Stoo akamhamishia chumba cha ubavuni, chenye dirisha la kichochoroni, angalau apate upepo. Kila asubuhi alimwachia chai kwenye chupa, chakula kilichofunikwa na mfuko wake wa ushonaji, akaenda kazini akijua kwamba mama yake atashinda kitandani mpaka atakaporudi. Alikuwa na hakika hiyo kama alivyokuwa na hakika ya idadi ya mashuka.

Siku moja jino lilimuuma akarudi mapema. Alikuwa jikoni akisukutua kwa maji ya chumvi aliposikia, nje ya dirisha la Bibi, sauti ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika mbali.

"Mwenyewe yupo?"

Bibi alikuwa amelala. Mama Stoo aliganda na maji mdomoni. Sauti ikauliza tena, halafu hatua zikaondoka. Alipochungulia aliona mwanamume mrefu mwenye kofia, mfuko mzito begani, akielekea mtaa wa nyuma. Kabla ya kupotea aligeuka, akalitazama tena lile dirisha.

Sasa, mtu anayejua lugha yake, "mwenyewe yupo" ataielewaje? Mwenyewe ni mwenye nyumba. Mgeni mwema huja mlangoni akapiga hodi. Anayeuliza dirishani, kwa kunong'ona, mchana ambao mwenye nyumba kwa kawaida yuko kazini, huyo anataka kusikia jibu moja tu, nalo ni "hayupo". Hivyo ndivyo alivyowaza Mama Stoo, na tuseme kweli, wengi wetu tungewaza hivyo hivyo.

Bibi alipoamka, Mama Stoo alimuuliza ni nani hupita pale dirishani. Bibi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake kwamba hupita wapita njia, na kama si ya kupitwa basi isingeitwa njia. Mama Stoo alimfahamu mama yake. Akijibu kwa mafumbo ana kitu. Akahitimisha kwamba yule mtu amemtisha mwanamke mzee asiseme.

Usiku ule hakulala vizuri, na halikuwa jino. Asubuhi alimpigia simu Keshia, na Keshia, badala ya kumtuliza, akamzidishia. Alisema yeye pia ana jambo limemkaa rohoni. Wiki iliyopita, akimwaga takataka karibu na kichochoro, aliwasikia watu wawili wakisemezana. Mmoja alisema, mwenyewe leo hajaonekana. Wa pili akajibu, dirisha limefungwa, tujaribu mchana.

Mama Stoo akajumlisha. Kumbe ni genge, tena wanapokezana zamu. Wanajua lini dirisha liko wazi na lini limefungwa.

Kikao kilifanyika kwenye banda la gari la Keshia, watu wamekaa juu ya makopo ya rangi na matairi, maana mtaa haukuwa tena na mahali pa kukaa. Mama Stoo alieleza yote. Hakuongeza chumvi, habari yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha. Kila mtu akakumbuka lake: mmoja alipotelewa na ndoo, mwingine aliona kivuli, wa tatu mbwa wake alibweka bila sababu. Ilikubaliwa kichochoro kiwekewe geti upande wa nyuma, lenye kitasa cha kujifunga chenyewe, na kila nyumba ya mtaa ule ipewe ufunguo. Watu wa nyuma wakitaka kwenda barabarani wazunguke.

Mshonaji peke yake hakuunga mkono. Alisema nusu ya wateja wake wanatoka huko, na mteja akilazimika kuzunguka, njiani atakuta mshonaji mwingine. Pia aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyekwenda kumuuliza huyo mwenye kofia anatafuta nini. Watu walimtazama kama aliyeuliza kama moto unaunguza.

Mama Stoo aliona uchungu. Alitegemea shoga yake amuunge mkono, na shoga yake anaongelea wateja. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba biashara ina uso wake, lakini ule uchungu haukuondoka.

Geti likawekwa. Kwa muda mtaa ukapumua. Mama Stoo alitundika ufunguo wake kwenye kitita cha funguo zake za kazini, na ule wa akiba akauning'iniza msumarini nyuma ya mlango wa jikoni.

Halafu geti likaanza kukutwa wazi. Halikuvunjwa wala kukwaruzwa. Liko wazi tu, mchana kweupe, linayumba na upepo. Keshia alilifunga mara ya kwanza, mara ya pili akapiga simu, mara ya tatu akapiga simu kwa kila mtu. Na hapo ndipo shaka, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa ikitazama nyuma, ikageuza shingo. Funguo ziko kwetu. Basi anayefungua ni wetu. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Keshia, na kila aliyesikia akaanza kujipapasa nguo.

Mtaa ukawa haukaliki. Mapazia yalikuwa yakisogea kila geti likilia. Mtu akitoka, anatazamwa anaelekea wapi. Asipotoka, anaulizwa anaficha nini. Mama Stoo alikuwa akichungulia toka jikoni kila alipokuwa nyumbani, lakini geti lilifunguliwa saa ambazo yeye yuko stoo, na hilo nalo lilimkera. Huyo mtu anaijua ratiba yake. Ni nani anayeijua ratiba yake kwa miaka yote hii? Alijibu swali hilo moyoni, jibu hakulipenda, akaliweka pembeni. Kesho yake likarudi.

Jumamosi moja alikwenda mwenyewe kulikagua geti, jinsi anavyokagua kabati la dawa. Ndani ya kile kitundu ambamo ulimi wa kitasa huingia alikuta kimesokomezwa kitambaa kilichokunjwa vizuri, ili geti likisukumwa lisijifunge. Alikivuta kwa ncha ya kisu. Kilikuwa kipande cha nguo ya maua ya zambarau, kingo zake zimekatwa kwa mkasi wa meno, ule unaoacha ukingo kama msumeno. Mkasi wa meno mtaani mle ulikuwa mmoja tu.

Alikaa na kile kitambaa mezani jioni nzima. Mtu mwingine angekitia mfukoni, akavuka barabara, akagonga geti la shoga yake na kumwambia, shoga, hiki nini? Hata yeye alifikiri hivyo. Akafika mpaka ukutani kwake. Lakini kuvuka, magari yanapita; kugonga, kuna kengele; kengele ikilia, kuna kijidirisha, na mtu anakutazama kwa jicho moja kabla ya kukufungulia. Zamani angemuuliza toka kibarazani, huku akichambua mboga, na jibu lingefika kabla swali halijapoa. Sasa swali lilikuwa zito mno kulibeba mpaka ng'ambo. Akalipeleka kikaoni.

Pale kwenye banda la gari alikiweka kitambaa juu ya boneti ya gari la Keshia, mbele ya wote. Hakumtaja mtu. Alisema tu alikikuta wapi na kimekatwa kwa mkasi gani. Watu wote wakageuka.

Mshonaji alikichukua, akakigeuza, akakipapasa ukingoni. Kuna kitu kilipita usoni mwake, Mama Stoo alikiona, akakisoma kuwa ni hatia.

"Kitambaa kimetoka kwangu," alisema Mshonaji.

Keshia akamuuliza kama basi anakubali. Mshonaji hakumjibu Keshia. Alimtazama Mama Stoo, akamtazama kwa muda mrefu, kama anayengoja kitu. Mama Stoo akainamisha macho akatazama tairi. Ndipo Mshonaji akafungua mkoba, akatoa ufunguo wake wa geti, akauweka juu ya boneti kando ya kile kitambaa, akatoka.

Haukupita mwezi akahama. Si mbali. Alipangisha nyumba yake kwa watu ambao sura zao mtaa haujaziona mpaka leo, akachukua chumba mtaa wa nyuma, akapeleka cherehani huko. Keshia alisema, si mnaona? Kaenda kwa wenzake. Mama Stoo aliitikia kwa kichwa. Nyumbani alijikuta akilia juu ya sufuria, akamwambia Bibi ni kitunguu. Bibi alitaka kujua mbona siku hizi shoga yake hapigi simu. Mama Stoo akamjibu kwamba kila mtu ana shughuli zake, kwa sababu hakutaka kumtia mzee katika mambo ya aibu.

Kisha geti likakutwa wazi tena.

Keshia alipompigia simu, Mama Stoo aliketi kwenye sanduku la glavu kule stoo. Mshonaji hana ufunguo. Ufunguo wake uko kwa Keshia. Hakumweleza mtu alichowaza. Aliomba ruhusa kazini, na kesho yake asubuhi aliaga kama kawaida, akafungua geti la barabarani, akalibamiza wasikie walio ndani, halafu akazunguka kichochoroni mpaka kwenye mlango wa jikoni, akajibanza ndani ya ghala dogo la mkaa lililo kando yake, lenye tundu la kutazama kichochoro. Mtunza stoo ndani ya stoo. Hata yeye aliona kichekesho, lakini hakucheka.

Haikuchukua muda. Mlango wa jikoni ulifunguka polepole, akatoka mama yake.

Bibi huyo wa kushinda kitandani alikuwa amevaa vizuri, na kilemba kichwani. Mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine ufunguo wa akiba. Alijikokota akipapasa ukuta, akapumzika, akajikokota tena. Getini alihangaika na kitasa mpaka kikakubali. Kisha akatoa kifuani kitambaa cha maua ya zambarau, akakikunja mara mbili na kukisokomeza kwenye kitundu kwa kidole gumba, kwa utulivu wa mtu aliyefanya hivyo siku nyingi. Mama Stoo akaukumbuka ule mfuko wa ushonaji ambao yeye mwenyewe humwachia kila asubuhi, umejaa vipande vya nguo alivyomletea Mshonaji ashonee mito.

Yule mrefu mwenye kofia akatokea upande wa pili. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, akauliza kwa sauti yake ile ile:

"Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe huyu hapa," akasema Bibi, na akacheka kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu kibaraza kikatwe.

Mwanamume akampa mkono. Wakaenda wakiongea, hatua ndogo ndogo, mpaka wakapotea. Mama Stoo alibaki kwenye mkaa. Alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, akakosa.

Bibi aliporudi alasiri alimkuta binti yake amekaa kitandani kwake. Hakushtuka. Aliweka fimbo, akakaa, akaomba maji. Halafu akamweleza. Siku za mwanzo, kabla ya barabara, kuku wake alimtoroka akamfuata mpaka mtaa wa nyuma. Vijana wa huko walikuwa wameshamkamata, wanauliza kwa sauti, mwenyewe nani? Mwenyewe nani? Naye akafika akihema, akasema, mwenyewe mimi hapa. Wakacheka, na jina likamganda. Tangu hapo kule nyuma hakuna anayemwita Bibi. Yule mwenye kofia ni fundi viti. Mfuko wake una nyundo na misumari. Miguu ya Bibi ilipoharibika, wakawa wanapita dirishani kumjulia hali kwa zamu, na akijisikia wanamchukua kibarazani kwao kwa saa mbili tatu. Dirisha likiwa limefungwa wanaogopa amezidiwa. Geti lilipowekwa, akawa anawafuata mwenyewe, akalitegea kitambaa ili akirudi asihangaike tena na kitasa.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungefunga."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ndiyo. Unanilinda vizuri sana. Ila husemi na mimi. Unarudi, unahesabu vidonge, unahesabu vijiko, unafunga madirisha. Wale hawanilindi, wale wananiuliza nimeamkaje."

Mama Stoo akauliza, kwa sauti ndogo, kama Mshonaji alikuwa anajua. Bibi akasema bila shaka alijua, Mshonaji alimwona siku nyingi kule kibarazani alipokuwa akipeleka nguo za wateja, naye Bibi akamwomba asimwambie mtu. Kisha Bibi akamkazia macho, akamuuliza kwa nini anauliza, maana Mshonaji alihamia kule nyuma bila kumwambia sababu. Mama Stoo akalazimika kusema yote: kitambaa, boneti, watu kugeuka, ufunguo.

Bibi akaweka kikombe cha maji chini.

"Umemtia mwanamke yule hatiani kwa kitambaa changu," alisema. "Naye akakubali, ili mimi nisifungiwe. Toka hapa chumbani kwangu."

Mama Stoo aliitisha kikao yeye mwenyewe. Alisimama kwenye banda la gari, akasema aliyekuwa akifungua geti ni mama yake, akasema na maana ya "mwenyewe", akasema Mshonaji hana kosa na geti liondolewe. Alidhani watacheka, au wataona aibu pamoja naye. Walimsikiliza kwa heshima. Halafu Keshia akauliza, kwa upole wa mtu anayehesabu noti zenye mashaka, ni nani hasa aliyemweleza habari hii ya kuku. Mwingine akataka kujua tangu lini ameanza kuongea na watu wa nyuma. Geti lilibaki. Akitoka pale aliwasikia wakinong'ona kwamba labda amelishwa kitu. Shaka aliyoipanda ilikuwa imeota mizizi kwa watu wengine, haikumhitaji tena.

Siku iliyofuata alipita kichochoroni kwa miguu yake, akafungua geti kwa ufunguo wake, akaingia mtaa wa nyuma. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hakuwa na pa kupita isipokuwa katikati ya magoti ya watu. Waliokuwa wakiongea wakanyamaza. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemzuia. Walimtazama tu, toka viatu hadi kichwa, na yeye akaijua ile namna ya kutazama, maana ilikuwa yake. Fundi viti akaacha nyundo, akamuuliza kwa adabu kama amepotea.

Bibi alikuwa amekaa kibaraza cha tatu, fimbo kati ya miguu. Bado alikuwa hajamsamehe. Uso wake ulisema. Lakini alisema, "Mwacheni. Huyo ni wangu." Magoti yakasogea.

Chumba cha Mshonaji kilikuwa na mlango wazi. Alikuwa anampima mteja, pini mdomoni. Alimwona Mama Stoo, akazitoa pini moja moja, akasema, "Karibu, mama. Wapo wawili mbele yako."

Mama. Hakuwahi kumwita hivyo. Mama Stoo akakaa kibarazani pamoja na hao wawili, akangoja zamu yake kama mtu aliyeleta sketi ya kupunguza. Zamu ilipofika aliingia na kusema alichokuja kusema, hakujitetea, na machozi yakamtoka mbele ya mteja aliyekuwa bado anavaa viatu. Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile kwenye boneti," akasema, "nilikutazama nikingoja useme neno moja: shoga yangu hawezi. Nilijua huna ushahidi. Ndiyo maana nilingoja. Leo umeshajua si mimi, ndiyo unaniamini. Hata polisi wangeniamini wakishajua."

"Nifanye nini?"

Mshonaji alivuta kiti, akaketi kwenye cherehani, akatafuta ncha ya uzi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Sijui. Uwe unapita," alisema. "Siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Kesho pita, keshokutwa pita. Tutaona."

Kesho yake, alipotoka kazini, Mama Stoo alipita. Nyuma yake, mtaani kwao, pazia la Keshia lilisogea. Mbele yake watu wa vibarazani walimwitikia salamu, nusu yao. Mshonaji aliinua macho toka kwenye kazi, akamtazama, akayarudisha kwenye sindano.

Keshokutwa akapita tena.